Samaki wa kaskazini, mpunga wa kusini: jinsi makoloni ya Amerika yalivyotegemeana

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Kitabu tunachotumia kinayagawa makoloni 13 ya Uingereza kule Amerika katika mafungu matatu: kaskazini wavuvi na wafanyabiashara, katikati wakulima wa ngano, kusini mashamba makubwa ya watumwa. Wanafunzi wameniuliza mambo matatu. Kwa nini watu waliotoka nchi moja waliishia kuishi maisha tofauti hivyo? Mtu wa kawaida alishindaje siku yake na alikula nini? Na je, ni kweli kaskazini hawakuhusika na utumwa? Hilo la mwisho limenikwamisha. Naomba msaada.

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza penyewe. Mgawanyo wa kitabu chenu una msingi: udongo, urefu wa majira ya baridi na magonjwa vilitofautiana sana kutoka Massachusetts hadi Georgia, na mtu hulima kinachokubali. Kasoro yake ni ramani inayokomea kwenye mwambao wa Amerika bara. Irefusheni ishuke hadi Barbados, Antigua na Jamaika, visiwa vya sukari vya Karibi, mtaona kwamba makoloni ya kaskazini yaliishi kwa kuvilisha visiwa vile, na visiwa vile vilikuwa mashamba ya watumwa mwanzo mwisho. Hapo ndipo swali la tatu linapojibika, na nusu ya lile la kwanza pia.

Nianze na New England, yaani Massachusetts na makoloni jirani ya kaskazini, kwa sababu ndiko watu hudhani mikono ilikuwa safi. Wapuritani, Waprotestanti wa Kiingereza wenye msimamo mkali wa dini, walioanzisha koloni la Massachusetts Bay mwaka 1630 walikuta udongo mwembamba uliojaa mawe yaliyoachwa na barafu ya kale. Kila mwaka ardhi ilipoganda na kuyeyuka, mawe mengine yaliibuka, na kabla ya kulima ilibidi familia iyaokote na kuyapanga kuwa ukuta kando ya shamba. Mahindi yalikubali, maharage na maboga pia, mazao waliyojifunza kwa wenyeji wa huko, na watu walishiba. Ila hakukuwa na zao ambalo mfanyabiashara wa London angelitolea fedha. Kwa miaka kumi ya mwanzo koloni liliendeshwa na fedha za wahamiaji wapya: aliyefika mwaka huu alinunua ng'ombe na mbegu kwa aliyefika mwaka uliotangulia. Mwaka 1640, Uingereza ilipokuwa inaelekea kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, wahamiaji wakakatika na bei ya ng'ombe ikaporomoka.

Wakati huohuo Barbados ilikuwa inageuka kisiwa cha miwa. Mwaka 1647 Richard Vines, Mwingereza aliyekuwa amehamia huko akitokea Maine, alimwandikia gavana wa Massachusetts, John Winthrop, kwamba watu wa kisiwani wamejikita mno kwenye miwa hata wanaona heri wanunue chakula kwa bei ghali kuliko kukilima wenyewe. Barua hiyo ina uzito mkubwa katika historia ya New England. Kisiwa kilikuwa kimekata misitu yake, kimeacha kulima chakula, na kilihitaji mbao za nyumba na mapipa, farasi wa kuzungusha vinu vya kukamulia miwa, nyama ya chumvi, na samaki. Vyote hivyo Massachusetts na majirani zake walikuwa navyo au waliweza kuvipata.

Samaki mwenyewe alikuwa chewa wa maji baridi ya Atlantiki. Wavuvi wa Marblehead na Gloucester walimvua kwa mshipi wa mkono, mtu amesimama ubavuni mwa chombo saa nyingi katika baridi na ukungu. Alipasuliwa, akatolewa uti wa mgongo, akatiwa chumvi, kisha nchi kavu akaanikwa juu ya uchanja wa fito na kugeuzwageuzwa hadi akakauka. Ng'onda huyo alipangwa kwa madaraja. Wa daraja la juu, mweupe na mzima, alipelekwa Bilbao, Lisbon na miji mingine ya Wakatoliki waliojizuia kula nyama siku za mfungo. Aliyevunjika, aliyeungua na jua au kuzidi chumvi, alisafirishwa Karibi kuwa kitoweo cha watumwa. Ilikuwa biashara ya uhakika, kwa kuwa mtu aliyefungwa kwenye shamba la miwa hana nafasi ya kuchagua samaki. Katika miaka ya 1768 hadi 1772, ambayo hesabu za forodha zake zimechambuliwa vizuri, zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo New England iliuza nje ilikwenda visiwa vya Karibi.

Meli zilirudi na molasi, masalia ya kutengeneza sukari. Molasi ikaingia viwandani ikatoka ramu, kileo kikali. Hapa nina hati ambayo ningependa uifikishe darasani. Mwaka 1764, Bunge la Uingereza lilipokuwa linajadili ushuru mpya wa molasi, serikali ya koloni la Rhode Island iliandika malalamiko rasmi. Ilieleza kwamba koloni lina viwanda vya ramu zaidi ya 30, na kwamba kwa zaidi ya miaka 30 limekuwa likipeleka pwani ya Afrika meli zipatazo 18 kila mwaka, zikiwa na mapipa makubwa ya ramu yapatayo 1,800, kununua watumwa miongoni mwa bidhaa nyingine. Wenyewe ndio walioandika, kwa hiari yao, wakiomba wasiharibiwe biashara. Koloni hilo dogo kuliko yote lilituma safari zaidi ya 900 za kununua watumwa kati ya mwanzo wa karne ya 18 na mwaka 1807.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha jambo hili kwa karibu. Alizaliwa Afrika Magharibi akaitwa Broteer, akatekwa akiwa mtoto, akafikishwa Anomabu katika pwani ya Ghana ya leo na kupakiwa kwenye meli ya watumwa. Humo melini msimamizi wa chakula, Robinson Mumford wa Rhode Island, alimnunua kwa mali yake binafsi: galoni nne za ramu na kipande cha kitambaa cha kaliko. Akampa jina la Venture, kwa kuwa alimnunua kama mtaji wa biashara yake. Meli ikaenda Barbados, karibu wote wakauzwa kwa wenye miwa, yeye na wengine wachache wakaletwa Rhode Island. Ramu iliyomnunua ilitokana na molasi ya visiwa vilevile ambako wenzake waliachwa. Alikulia kaskazini akichana sufu, akitwanga mahindi ya mifugo usiku baada ya kazi za mchana, akipasua kuni, akivua. Aliuzwa zaidi ya mara moja huko Connecticut. Kwa vibarua vya usiku na vya siku za likizo alikusanya fedha hadi mwaka 1765 akajikomboa kwa pauni 71 na shilingi 2, kisha akafanya kazi miaka mingi akawakomboa wanawe na mkewe Meg. Simulizi lake lilichapwa New London mwaka 1798. Mwanafunzi akikuuliza kama kaskazini walihusika, mpe habari za Venture Smith kabla ya takwimu yoyote.

Sheria nayo haikuwa nyuma. Massachusetts ndilo lililokuwa koloni la kwanza la Kiingereza bara huko kuutambua utumwa katika sheria zake, mwaka 1641, miaka 20 kabla Virginia haijaanza kuupangia sheria kwa uzito. Ni kweli idadi ya watumwa New England ilibaki ndogo, kwa sababu shamba la mawe la ekari chache halikuhitaji mikono mingi zaidi ya ile ya baba, mama na watoto saba au wanane. Uchache huo ndio unaowafanya watu wapotoke. Wanahesabu waliofungwa Boston, hawahesabu waliofungwa Jamaika ambao Boston iliwauzia samaki.

Makoloni ya katikati nitayapitia haraka zaidi. Pennsylvania, lililokabidhiwa William Penn mwaka 1681, lilikuwa na udongo mzito mzuri na majira marefu kidogo, na ngano ilistawi. Wajerumani wengi walihamia huko. Wasio na nauli walipakiwa kwa mkopo, na meli ilipotia nanga Philadelphia nahodha aliuza mkataba wao kwa yeyote aliyelipa deni, nao wakamtumikia miaka kadhaa. Familia zilitenganishwa hapo bandarini, mzazi akachukuliwa huku, mtoto kule. Mkataba ulikuwa na mwisho, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao na watumwa. Ngano ilisagwa kwenye vinu vya maji, ikapakiwa mapipani kama unga na biskuti ngumu za mabaharia, na sehemu kubwa ikaelekea kulekule Karibi.

New York iliishi kwa unga vilevile. Hadi leo nembo ya jiji ina mapipa ya unga. Ila lilikuwa pia jiji la watumwa. Mwaka 1703 kaya kama nne katika kila kumi zilikuwa na mtumwa, na mwaka 1711 baraza la jiji liliteua soko rasmi mwishoni mwa Wall Street ambapo watumwa waliuzwa na kukodishwa kwa vibarua. Wengine wao walitoka upande wetu wa Afrika: katika miaka ya 1690 tajiri Frederick Philipse alituma meli zake Madagascar kununua watu na kufanya biashara na maharamia waliokuwa wamejenga kituo huko. Mwaka 1991 mafundi waliokuwa wanachimba msingi wa jengo la serikali katikati ya Manhattan walikuta makaburi ya Waafrika. Mabaki ya watu 419 yalitolewa, mengi yao ya watoto, na mifupa ya watu wazima ilikuwa na alama za misuli iliyobebeshwa mizigo kupita kiasi.

Virginia ni habari nyingine, na hapa ndipo utakapowapatia wanafunzi jibu la kwa nini maisha yalitofautiana hivyo. Waingereza walifika Jamestown mwaka 1607 wakitafuta dhahabu, wakafa kwa njaa na maradhi. Kilichowaokoa ni tumbaku, ambayo John Rolfe alianza kuilima karibu mwaka 1612. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, angeitambua kazi yake bila kuelezwa: vitalu mwishoni mwa baridi, kupandikiza Mei mvua ikishanyesha, kupalilia, kukata vichwa, kuondoa maotea kila wiki, kuokota viwavi kwa mkono jani kwa jani, kuvuna, kutundika kwenye mabani ya kukaushia, kuchambua majani na kuyashindilia kwenye pipa. Kufikia karne ya 18 pipa moja lililojaa lilikaribia ratili 1,000, na lililazwa likabingirishwa barabarani hadi mtoni.

Tumbaku huuchosha udongo. Baada ya mavuno matatu au manne shamba liliachwa lipumzike, hata miaka 20, na msitu mpya ukafyekwa. Kwa hiyo kila mwenye shamba alitaka ardhi kubwa, nyumba zikakaa mbalimbali kando ya mito, na meli kutoka London ilipanda mto hadi gatini kwa mkulima mwenyewe. Hapakuwa na haja ya mji. Kule Massachusetts, ambako watu waliishi kijijini wakizunguka nyumba ya ibada, sheria ya mwaka 1647 iliutaka kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kusoma na kuandika. Huko Virginia jirani yako alikuwa mwendo wa saa nzima. Shule zilikuwa chache, na tajiri alimwajiria mwanawe mwalimu wa nyumbani. Tofauti zote hizo mbili zinaanzia kwenye udongo na zao, na hazihitaji maelezo ya kwamba watu fulani walipenda elimu kuliko wengine.

Tumbaku ilikuwa hata fedha. Sarafu zilikuwa adimu kote makoloni, basi huko Virginia mchungaji wa Kanisa la Anglikana alilipwa mshahara wa ratili 16,000 za tumbaku kwa mwaka. Baada ya sheria ya 1730 kila pipa lilikaguliwa kwenye ghala la umma, tumbaku mbovu ikachomwa, na hati ya ukaguzi ikawa inapita mkononi kama noti: unalipia kodi, unalipia deni dukani.

Mikono ya kwanza mashambani ilikuwa ya watumishi wa mkataba kutoka Uingereza, vijana maskini waliotumikia miaka minne hadi saba. Wengi hawakuumaliza mkataba. Malaria na kuhara viliwamaliza wao. Ndoa zilikatishwa na kifo mapema, wajane waliolewa tena haraka, na mtoto aliyekua na wazazi wote wawili alikuwa na bahati. Waafrika wa kwanza wanaojulikana kuletwa Virginia, ishirini na kitu, walishushwa Point Comfort mwaka 1619, waliotekwa Angola. Kwa miaka mingi walikuwa wachache, na baadhi waliweza kujikomboa. Mlango ulifungwa hatua kwa hatua. Sheria ya 1662 ilisema mtoto atafuata hali ya mama yake, kwa hiyo mwenye shamba aliyemnyanyasa mtumwa wa kike alimiliki pia mtoto aliyezaliwa. Baadaye watumishi wa Kiingereza walipungua, uasi wa mwaka 1676 dhidi ya serikali ya koloni, ulioongozwa na Nathaniel Bacon, uliwatia matajiri hofu ya maskini weupe wenye silaha, na meli za watumwa zikaanza kuja moja kwa moja kutoka Afrika. Kufikia sheria kuu ya watumwa ya 1705 mfumo ulikuwa umekamilika. Chakula cha mtumwa kilikuwa posho ya mahindi ya kila wiki, na nyama ya nguruwe au samaki wa chumvi mara chache. Mahindi hayo aliyesaga ni yeye mwenyewe, usiku, baada ya kutoka shambani.

Carolina Kusini ilianza mwaka 1670, na wengi wa waanzilishi wake walitoka Barbados wakiwa na watumwa wao na desturi zao. Sheria zake za mwanzo za watumwa zilinakiliwa kutoka kisiwani. Utajiri wake ulikuwa mpunga. Waingereza hawakuujua mpunga. Walioujua walikuwa watu wa Senegambia na Sierra Leone, na wenye mashamba walilijua hilo vizuri: magazeti ya Charleston yalitangaza kwa fahari watumwa waliotoka nchi za mpunga. Waafrika walifyeka misitu ya mabwawani iliyojaa nyoka, wakajenga matuta ya udongo kando ya mito na milango ya kufungulia maji, wakapanda wakifukia mbegu kwa kisigino. Ukishakauka ulikobolewa kwa kinu cha gogo na mchi, ukapepetwa kwa ungo wa majani uliosukwa kama wa kwao. Mwanamke wa Sierra Leone alitwanga kwa ajili ya mlo wa nyumbani. Huko Carolina mtumwa alitwanga kabla ya alfajiri na baada ya giza, miezi mizima ya baridi, ili mapipa yajae kwa ajili ya Ulaya na Karibi, na kazi hiyo iliua watu.

Tangu karibu mwaka 1708 weusi walikuwa wengi kuliko weupe katika koloni hilo. Kiangazi matajiri waliyakimbia mabwawa kwa kuogopa homa, wakakaa Charleston. Kazi ilipimwa kwa ngwe, kwa kawaida robo ekari. Aliyemaliza ngwe yake alilima bustani yake, akafuga kuku, akauza sokoni. Nafasi hiyo ndogo ndiyo iliyowawezesha kutunza lugha na ufundi wao, na uzao wao, Wagullah, bado wanasuka makapu yale. Haikuwa hisani ya bwana. Mwaka 1739 kundi lililoongozwa na mtu aitwaye Jemmy lilichukua silaha karibu na mto Stono likaelekea Florida ya Wahispania kutafuta uhuru. Liliangamizwa, na sheria ya 1740 ikakataza watumwa kufundishwa kuandika.

Kwa hiyo mkulima wa kawaida wa kaskazini, aliyekuwa mwenye ardhi yake, alikula uji na mkate wa mahindi, maharage, nguruwe wa chumvi, akanywa kileo cha matofaa. Mkewe alisokota uzi, akatengeneza siagi na sabuni, akazaa kila baada ya miaka miwili. Chumvi, chuma, chai na kitambaa kizuri alivinunua dukani kwa mkopo. Mwenye duka naye aliyapata hayo London kwa fedha zilizotoka Karibi, maana Uingereza ilikuwa na haja ndogo sana na samaki wala unga wa kaskazini. Ukimwuliza mkulima yule angekuambia hana mtumwa, na angesema kweli.

Uthibitisho mzuri wa jinsi kaskazini ilivyoitegemea Karibi ni kilichotokea soko lile lilipofungwa. Makoloni yalishinda vita vya uhuru, na mwaka 1783 Uingereza ikazipiga marufuku meli za Marekani kuingia bandari zake za Karibi. Bandari za samaki zikatikisika, na mabaharia wa Salem, Massachusetts, ikabidi watafute bahari nyingine. Walikwenda India na China, na kufikia miaka ya 1820 walikuwa wanatia nanga Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliwasili Unguja akitokea Salem hiyohiyo. Meli zao zilileta shehena za merikani, kitambaa cha pamba, na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi.